Agizo la mahakama la kukukinga na ukatili wa nyumbani nchini Kenya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka mezani. Ni meza ya ofisi ya wasaidizi wa kisheria hapa Mombasa, na wiki haipiti bila mtu kukaa mbele yake na kuuliza mojawapo. Nimeyaweka kwa mtiririko ambao watu huyauliza: kwanza "hivi nina haki?", mwishoni yale yanayoulizwa kwa sauti ya chini.

Majibu ni ya sheria ya Kenya. Mlioko Tanzania na Uganda, anzeni na swali la 23. Na kama hatari iko mlangoni saa hii, acha kusoma. Piga 999 au 112 kwa polisi, 1195 kwa msaada wa ukatili wa kijinsia, au 116 ikiwa anayedhurika ni mtoto.

## Mambo ya mwanzo

1. Agizo la ulinzi ni nini?

Ni amri ya hakimu inayomkataza mtu wa nyumbani mwako, au aliyewahi kuwa wa nyumbani, kukudhuru, kukutisha, kukufuata au kukukaribia. Linatolewa chini ya Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015. Nyuma ya sheria hiyo ipo Katiba yenyewe, kifungu cha 29, kinachosema kila mtu ana haki ya kutotendewa ukatili wowote, uwe umetoka kwa serikali au kwa mtu binafsi. Hayo maneno "mtu binafsi" ndiyo ya kumjibu anayekwambia ya chumbani hayaihusu serikali.

Kesi ya jinai huuliza alifanya nini na aadhibiwe vipi. Agizo huuliza kesho utalala wapi, na nani asikaribie.

2. Lazima niwe nimepigwa?

La. Kupigwa na kulazimishwa tendo la ndoa vimo, lakini vimo pia matusi na kudhalilishwa, vitisho, kunyemelewa, kuharibiwa mali, kubanwa kiuchumi, na mtu msiyekaa naye kukuvunjia mlango. Sheria inataja vilevile ndoa za utotoni, ndoa za lazima, ukeketaji, mjane kurithiwa kwa nguvu au "kutakaswa" (kulazimishwa tendo la ndoa kwa jina la mila), na jambo moja ambalo watu hucheka wakilisikia: wakwe kuingilia nyumba ya watu. Aliyewahi kufungiwa nje na mama mkwe, kichanga kikiwa mgongoni, hacheki.

3. Hatujafunga ndoa. Ninahesabiwa?

Ndiyo. Sheria inawahusu walio kwenye ndoa, walioachana, wachumba na waliokuwa wachumba, wapenzi na waliokuwa wapenzi, waliozaa pamoja, wanaokaa nyumba moja, na ndugu wa damu au wa ndoa. Mwenye nyumba anayekutukana kila mwisho wa mwezi hayumo, kwani uhusiano wenu ni wa kodi tu. Huyo ana sheria zake.

4. Mimi ni mwanamume. Nitachekwa?

Kituoni huenda ukachekwa, sitakudanganya. Sheria yenyewe haicheki: imeandikwa kwa mtu yeyote. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 34 ya wanawake na asilimia 27 ya wanaume wamewahi kupigwa tangu walipotimiza miaka 15. Ukienda na maelezo yaliyopangwa kama ilivyo kwenye swali la 12, hakimu atayasoma kama anavyosoma ya mtu mwingine yeyote.

5. Nikiomba agizo, ndiyo nimemfunga?

Hapana. Agizo lenyewe si hukumu ya jinai na halimpeleki mtu jela. Jela inaingia pale anapolivunja (swali la 17), au ukifungua pia kesi ya shambulio kwa polisi. Unaweza kuomba agizo peke yake, kufungua kesi peke yake, au kufanya yote mawili kwa pamoja.

## Kabla ya kwenda mahakamani

6. Lazima nianzie polisi?

Si lazima kwa agizo, ila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, husaidia sana. Uliza dawati la jinsia. Sheria inamtaka askari anayepokea malalamiko akueleze njia za msaada zilizopo, pamoja na matibabu na mahali pa kujihifadhi, na unaweza kuomba kutoa maelezo kwa askari wa jinsia yako.

Jibu ambalo watu hurudi nalo ni "haya ni mambo ya nyumbani, nendeni mkaongee". Usibishane na aliye kaunta. Mwambie kwa utulivu: "Naomba yaandikwe kwenye OB, na naomba nambari." Akikataa, omba kumuona OCS, mkuu wa kituo. Akikataa naye, andika tarehe, saa na kituo, ukaendelee mahakamani. Hakimu hahitaji ruhusa ya polisi kukusikiliza.

7. Nikusanye ushahidi gani?

Anza na mwili. Nenda hospitali kabla ya kwenda popote. Ikiwa umebakwa, dawa za kuzuia maambukizi ya HIV hutolewa ndani ya saa 72 na za kuzuia mimba ndani ya saa 120, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Usioge kabla ya kupimwa. Nguo ulizovaa ziweke kwenye bahasha ya kaki au mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki hushika unyevu na kuharibu kinachotafutwa.

Fomu ya P3, ya kueleza majeraha, hutolewa na polisi na kujazwa na daktari. Kwa ubakaji kuna fomu ya pili, PRC, ambayo hujazwa hospitali. P3 ni ya bure. Ukiambiwa ulipe, uliza risiti, na mara nyingi ada hiyo hupotea palepale.

Kisha simu. Jumbe usizifute hata zikikuchefua. Zipige picha nambari ya mtumaji na tarehe zikionekana, umtumie ndugu unayemwamini, maana simu ndiyo kitu cha kwanza kuvunjwa. Picha za majeraha piga siku hiyo na tena siku ya tatu, kwa kuwa alama za kuvilia damu hukomaa rangi baadaye. Mlango uliovunjwa nao upige picha kabla fundi hajaugusa.

8. Sina alama wala shahidi. Nimekwisha?

Hujakwisha. Maelezo yako uliyoyaapia ni ushahidi. Ombi hili hupimwa kwa uwezekano, kipi kinaaminika zaidi, wala si kwa kipimo kizito cha kesi ya jinai. Daftari ulilokuwa ukiandika tarehe, dada uliyempigia saa nane za usiku, mwalimu aliyeona mtoto amebadilika, vyote vinaingia. Watu wengi huja wakisema hawana shahidi, na baada ya nusu saa ya mazungumzo tunahesabu watatu.

9. Wazee wameitisha kikao. Nikienda mahakamani nitaonekana nimewadharau?

Swali hili huja na machozi kuliko yote. Kikao, iwe ni cha familia, cha chifu au cha maslaha (suluhu ya wazee), kinaweza kupatanisha watu kuhusu maneno, mahari au matumizi. Hakiwezi kumzuia mtu mwenye panga asirudi usiku. Hakina askari.

Nenda kikaoni ukitaka, lakini usiahirishe ombi la mahakama kwa ajili yake. Na usitie sahihi karatasi inayosema "nimesamehe na sitashtaki" kabla ya mtu wa sheria kuisoma. Nimeona mbuzi mmoja na faini ya shilingi elfu tano vikiandikwa kuwa mwisho wa mambo, na mbuzi mwenyewe akaliwa na waliokaa kikao.

10. Nihame au nibaki?

Usalama kwanza. Ukihama, beba kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi ya kliniki, cheti cha ndoa, dawa na chaja. Kuhama hakukuondolei haki ya nyumba. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inakataza mwenzi kumtoa mwenzake kwenye nyumba ya ndoa bila amri ya mahakama maadamu ndoa ingalipo. Unaweza kutoka usiku huu na kuomba mahakama ikurudishe yeye akiwa nje (swali la 13).

## Mahakamani

11. Niende mahakama gani? Sisi ni Waislamu, si kwa kadhi?

Ombi la agizo peleka mahakama ya hakimu iliyo karibu nawe. Kadhi, kwa mujibu wa kifungu cha 170 cha Katiba, husikiliza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Kwa hiyo talaka, edda na nafaka (matumizi ya mke) ni kwa kadhi, na kumzuia asikukaribie ni kwa hakimu. Zinaweza kwenda sambamba.

Hapa Mombasa, Shanzu kuna mahakama maalum ya kesi za ukatili wa kingono na kijinsia, iliyozinduliwa 2022. Usidhani ndiyo pekee inayoweza kukupa agizo.

Wakili si lazima. Ukimtaka na huna uwezo, jaribu FIDA-Kenya (shirika la mawakili wanawake), shirika la Kituo cha Sheria, au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Ila jihadhari na vijana wanaosimama nje ya lango la mahakama na mashine ya chapa. Huandika hati moja kwa kila mtu, wakabadilisha majina tu, na hakimu huzitambua kwa mbali.

12. Kwenye hati ya kiapo niandike nini?

Hati ya kiapo ni maelezo yako ya maandishi unayoyaapia, na hapa ndipo maombi mengi hupata nguvu au hupotea. Hati inayokuja mezani kwetu mara nyingi husema hivi:

"Mlalamikiwa ni mkali sana na hunitesa kila mara."

Kila neno hapo ni kweli, lakini hakimu hana cha kushika. Tunaketi, tunauliza lini, wapi, kwa nini unakumbuka siku hiyo, na inatoka hivi:

"Jumamosi tarehe 15 Machi 2025, kama saa nne za usiku, alinipiga kwa kifuniko cha sufuria juu ya jicho la kushoto, mbele ya mtoto wetu mkubwa. Jirani wa mlango wa pili aligonga, ndipo akaacha. Jumatatu iliyofuata niliripoti kituoni na kupewa nambari ya OB. Alisema nikirudi kutoka kituoni atanimwagia mafuta ya taa. Jiko letu ni la mafuta ya taa, na huyaweka chini ya kitanda."

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyoleta agizo siku ileile. Andika tukio la karibuni zaidi, lile baya kuliko yote, na la kwanza unalolikumbuka. Kisha useme unachokiogopa kutokea wiki hii na kwa nini. Usiongeze chumvi. Hati ya kiapo imeapiwa, kusema uongo ndani yake ni kosa, na tarehe moja ya kubuni huivunja hati nzima siku wakili wake atakapokuhoji.

Kama unajificha, usiandike mahali ulipo kabla ya kumweleza karani au hakimu kwamba unaogopa kufuatwa. Nakala ya hati hiyo itamfikia yeye.

13. Niombe nini hasa?

Hakimu hukupa karibu na ulichoomba, basi omba kwa majina ya mahali. "Asinikaribie" haitoshi. Sema asikaribie nyumba mtaa fulani, kibanda changu cha sokoni, shule ya watoto, na asinipigie wala kunitumia ujumbe, yeye mwenyewe au kwa kumtuma mtu. Ndugu zake ndio hutumika sana kama mdomo wa pili.

Unaweza pia kuomba kukaa kwenye nyumba yeye akiwa nje, hata kama jina la umiliki au mkataba wa kodi ni lake. Kutumia vitanda, jiko na vyombo. Kusindikizwa na askari kuchukua vitu vyako. Na fidia kwa majeraha, mali iliyoharibiwa au pesa ulizopoteza. Kama ana bunduki ya kazi, litaje waziwazi na uombe iondolewe mikononi mwake.

14. Itachukua muda gani?

Kuna hatua mbili. Ya kwanza ni agizo la muda. Hati yako ikionyesha kwamba ukatili upo na kwamba utaumia ukisubiri, hakimu anaweza kulitoa bila mlalamikiwa kuwepo wala kujua. Weka ombi chini ya cheti cha dharura, yaani hati inayoeleza kwa nini haliwezi kusubiri. Ya pili ni kusikilizwa kwa pande zote, halafu hakimu huthibitisha agizo, hulibadilisha au hulifuta. Hapo kati kuna kutajwa kwa kesi na kuahirishwa. Nenda kila tarehe, kwani ukikosa bila sababu ombi linaweza kutupwa.

15. Watu wataisikia kesi yangu?

Mambo haya husikilizwa faraghani, na habari zake zina mipaka ya kuchapishwa. Unaweza kuja na mtu wa kukutia moyo. Omba pia mkae sehemu tofauti mkisubiri. Benchi la korido la mahakama limewarudisha wengi nyumbani kabla jina halijaitwa.

## Agizo likishatoka

16. Nimepata agizo. Sasa?

Sasa ndiyo kazi inaanza, na sehemu hii haina mtu wa kuisimamia isipokuwa wewe. Mama mmoja alitujia na agizo lake ndani ya leso, limekunjwa mara nane, mikunjo imeanza kuchanika. Lilikuwa na muhuri na sahihi. Alilala nalo chini ya mto kwa miezi miwili huku mume akiingia na kutoka. Tulipouliza nani alimpelekea mume, alitutazama kama tumemuuliza nani alimpelekea hirizi. Hakuna aliyempelekea. Mtu hawezi kuadhibiwa kwa kuvunja amri ambayo hajaarifiwa.

Fanya hivi siku hiyohiyo. Chukua nakala kadhaa zenye muhuri. Moja ni ya mlalamikiwa, naye apelekewe na mpeleka hati wa mahakama au askari, usimpelekee wewe. Aliyempelekea aape hati ya kuthibitisha, iwekwe kwenye faili. Nakala ya pili mpe OCS wa kituo kilicho karibu na unapolala, na uombe kupokelewa kwake kuandikwe kwenye OB. Nyingine apewe ndugu au jirani. Kama agizo linataja shule, mwalimu mkuu apate yake. Yako ipige picha, uitume kwa mtu mwingine.

17. Akilivunja?

Ni kosa la jinai. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili. Piga simu kwenye kituo chenye nakala na uwasomee kipengele alichovunja. Akija getini na maua na msamaha, naye amekatazwa kukaribia geti, amevunja. Ripoti kila mara, hata mara ndogo, kwani hesabu ya mara ndogo ndiyo humfikisha kizimbani.

18. Tumepatana. Nichane karatasi?

Kuichana hakulifuti agizo. Linabaki mpaka mahakama ilibadilishe au iliondoe. Mkitaka kukaa pamoja, rudi kwa hakimu na uombe kipengele cha kutokukaribia kiondolewe, huku kile cha kutokukudhuru kikibaki. Hakimu atakuuliza kama umelazimishwa. Mjibu ukweli, hata kama aliyekuleta anakungoja nje kwenye bodaboda.

19. Na watoto? Matumizi?

Agizo linaweza kuwakinga watoto pamoja nawe. Ulezi na matumizi ya muda mrefu hupelekwa mahakama ya watoto chini ya Sheria ya Watoto ya 2022. Kuzuiwa kukukaribia hakumwondolei jukumu la karo. Atume kwa simu ya mtu wa tatu.

## Maswali ya pembeni

20. Ananilazimisha tendo la ndoa. Ni mume wangu wa halali.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 imeweka pengo kwa walio kwenye ndoa halali, na wengi wamerudishwa nyumbani kwa sababu hiyo. Sheria ya 2015 inautaja ukatili wa kingono ndani ya ndoa kuwa ukatili wa nyumbani. Maana yake, hata pale kesi ya ubakaji inapokwama, agizo la kumkataza linaweza kutolewa, na akilivunja atashtakiwa kwa kulivunja. Liandike kwenye hati. Aibu ya kulitamka huisha mara ya kwanza, na hakimu amelisikia kabla yako.

21. Tuliachana, sasa anatishia kusambaza picha zangu.

Swali la 3 linakuhusu, unaweza kuomba agizo. Zaidi ya hapo, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inafanya unyanyasaji wa mtandaoni na kusambaza picha za faragha kuwa makosa. Usimlipe. Anayelipwa mara moja hurudi.

22. Nimepelekewa agizo, na ninaona nimesingiziwa.

Litii kwanza. Usimpigie "kumuuliza kwa nini", maana simu hiyo tayari ni uvunjaji kama umekatazwa mawasiliano. Jibu kwa hati yako ya kiapo na uende siku ya kusikilizwa, ambapo una haki ya kumhoji na kuleta mashahidi. Ukihitaji nguo au vyeti vyako, omba mahakama ikupe askari wa kukusindikiza.

23. Niko Tanzania au Uganda. Haya yananihusu?

Uganda ina Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya 2010, na malalamiko yanaweza kuanzia mahakama ya baraza la mtaa, LC, kabla ya kufika kwa hakimu. Tanzania haina sheria maalum ya maagizo haya. Hata hivyo Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Anzia Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na kama una shauri la ndoa mahakamani, omba ndani yake mwenzako azuiwe kukusumbua. Ukiwa umehamia Kenya, hata kama mlioana Tanga, mahakama ya hapa unapoishi itakusikiliza.